Maji ya Chupa Tatu

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kazini anaitwa Nyuzi. Jina kamili ni Nyuzi Thelathini na Saba, kwa sababu hicho ndicho kipimo cha joto la kabati alilokuwa akilitunza, na katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumwona akipita mbele ya kabati hilo bila kuinama kusoma kipimo. Hata akiwa na kikombe cha chai mkononi. Hata, wanasema wenye ndimi, akiwa anakimbilia chooni.

Ndani ya kabati mna chupa bapa za plastiki, zimelazwa ubavu, na sakafuni mwa kila chupa zimejishika seli za ngozi ya binadamu zikiwa hai. Kwa macho matupu huzioni. Unachoona ni maji ya lishe yaliyozifunika. Yanapowekwa huwa ya rangi ya waridi, na kadiri seli zinavyokula hugeuka kuwa ya chungwa, kisha manjano. Nyuzi ndiye aliyekuwa akizilisha.

Mimi natunza stoo ya jengo hilohilo, ghorofa ya chini, na ni mtu wa kuandika andika. Haya nayaandika kwa ruhusa yake. Niliyoyaona nimeyaandika kama nilivyoyaona, na ambayo sikuwepo nimeyaandika kama alivyonisimulia, siku tatu tofauti, bila maelezo yake kubadilika.

Aliingia pale na cheti cha kidato cha nne, akaajiriwa kuosha vyombo. Akaosha miaka mitatu. Mlishaji wa seli alipoacha kazi, Profesa, ambaye enzi hizo alikuwa bado mwanafunzi mwenye haraka zake, alimwambia ajaribu wiki moja. Wiki ile ikawa miaka kumi na tisa. Watu wenye digrii mbili walimletea chupa zao kumuuliza zina nini. Aliinyanyua chupa kuelekea dirishani, akaitazama rangi, akasema, "Hawa wana njaa," au, "Umewajaza mno, wanakanyagana." Halafu ndipo walikwenda kuhakikisha kwenye hadubini. Sijasikia kwamba alikosea.

Kulisha kwenyewe ni hivi. Kila baada ya siku mbili maji ya zamani yanatolewa, mapya yanawekwa. Mkono wa kushoto unainamisha chupa, wa kulia unaingiza mrija wa pampu kwenye kona ya chini, maji yanafyonzwa na kuishia kwenye mtungi wenye klorini. Sekunde nne kwa chupa. Stoo ndiyo inayotoa ile mirija, kwa hiyo najua: amefyonza chupa zaidi ya elfu ishirini. Maji hayo ya zamani aliyaita mkojo.

Kisha akaja Binti. Hivyo ndivyo Nyuzi alivyomwita tangu siku ya kwanza, na jengo zima likafuata. Alikuwa amekuja kusomea shahada ya udaktari wa sayansi chini ya Profesa, msichana mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuandika juu ya kiganja chake.

"Mzee, shikamoo. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye kabati."

"Marahaba. Kabati ni la serikali, mimi ni mlinzi tu. Unataka seli za aina gani?"

"Seli siyo sana. Mimi nataka yale maji unayoyatoa."

"Mkojo?"

"Huohuo."

"Na seli zenyewe?"

"Nikishachukua maji nazitia dawa, zinakufa."

Nyuzi alivua miwani akamtazama vizuri. "Binti, kwenu mnapika kweli? Unamwaga mchele, unatunza maji uliyooshea?"

Binti alicheka hadi akashika meza. Kisha akavuta kigoda akamweleza, na hilo ndilo Nyuzi alilompendea, kwamba hakumweleza kama mtu anayemfundisha mtoto. Alimwambia seli haikai kimya humo ndani. Inatengeneza protini, na nyingine haibaki nazo, inazisukuma nje. Zipo za kazi ya gundi, zinazoishikiza seli hapo sakafuni. Zipo za kazi ya mkasi, zinazokata njia seli ikitaka kupita. Na zipo ambazo ni ujumbe mtupu: jirani, gawanyika, jirani, tulia, huku kumeumia, njooni. Zote zinaelea katika maji yale ya manjano.

"Zote?"

"Zote, mzee."

Jioni hiyo Nyuzi alikuja kwangu, akakaa mlangoni bila kuvua viatu. "Shemeji," akasema, "miaka kumi na tisa namwaga barua za watu bila kuzisoma."

Nyuzi na Binti wakawa watu wa karibu. Binti alikuwa akitafuta jambo moja: kwa nini vidonda vya watu wengine vinagoma kufunga. Wagonjwa sita walikuwa wamekubali kukatwa kipande cha ngozi ukingoni mwa kidonda, kipande cha kama punje ya mchele, na kutoka humo zikakuzwa seli. Mgonjwa mmoja, chupa moja, namba moja hadi sita. Seli za namna hiyo hazigawanyiki milele. Zinafika mahali zinazeeka. Zilizokuwa zimewekwa kwenye friza zilikuwa zimetumika karibu zote katika majaribio ya mwanzo. Chupa hizo sita ndizo zilizokuwa za mwisho, na ndizo zilizokuwa za jibu.

Hapo kuna utaratibu ambao lazima nieleze, maana kila kitu kilivunjikia hapo. Chakula cha seli hutiwa seramu, yaani majimaji ya damu ya ndama, na seramu imejaa protini. Ukipima maji yenye seramu utamsikia ndama tu. Seli ni kama mtu anayenong'ona katikati ya soko. Kwa hiyo kabla ya kukusanya, chupa zinaoshwa mara tatu kwa maji ya chumvi, kisha seli zinafungishwa: siku nzima zinakaa kwenye maji matupu yasiyo na seramu. Kitakachopatikana humo kesho yake ni chao wenyewe. Nyuzi hakupenda kuzinyima chakula, lakini alielewa.

Siku ya Alhamisi Binti aliosha chupa zake sita, akazifungisha. Kesho yake asubuhi alikuwa na zamu ya kusimamia mtihani wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, simu zimezimwa, hadi saa sita. Akamwomba Nyuzi amkusanyie: saa tatu kamili amimine maji ya kila chupa kwenye kijichupa chake chenye namba, aviweke kwenye barafu, kisha seli azitie dawa. Na kabla hajaondoka akazifunga chupa zote sita utepe mwekundu ulioandikwa kwa kalamu nzito: USIMWAGE.

Nyuzi aliuona utepe ule, ukamchoma.

"Hii ya nani?"

"Ya... ni kumbusho tu, mzee."

"La nani? Mimi nalisha seli tangu wewe uko darasa la kwanza. Leo nifungwe utepe mwekundu kama nyaya za umeme?"

"Samahani, mzee. Sikuwa na maana hiyo." Akaubandua, utepe mmoja baada ya mwingine, akaufinyanga, akautia mfukoni. Alikuwa ameona aibu. Nyuzi aliridhika na aibu ile, na neno hili "niliridhika" alilirudia mara mbili aliponisimulia.

Ijumaa saa tatu alizitoa chupa sita, akazipanga kwenye kabati la hewa safi, lile la kufanyia kazi. Alikuwa na chupa zake nane za kawaida za kulisha asubuhi hiyohiyo, na kichwani alikuwa akihesabu lishe ya hizo nane. Mkono wa kushoto ukainamisha. Wa kulia ukaingiza mrija. Moja. Mbili. Tatu. Alipoinyoosha ya tatu na kutafuta lishe mpya ya kuweka, hakuiona mezani. Akashangaa nani ameiondoa. Ndipo alipoviona vile vijichupa sita vitupu vimesimama kwenye barafu vikimsubiri.

Maji ya namba moja, mbili na tatu yalikuwa kwenye mtungi wa klorini.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda, glavu zikiwa juu kama mtu aliyekamatwa. Na hapa kuna jambo alilojua wakati uleule, kwa hiyo nisimtetee: seli zilikuwa hai. Maji yalikuwa yamepotea, lakini walioyasema walikuwa bado pale sakafuni mwa chupa. Angeziwekea maji matupu mengine, angemsubiri Binti saa sita, angemwambia. Zingesema tena. Labda kwa udhaifu, labda siyo yaleyale, lakini zingesema.

Mlango ukafunguka. Profesa akachungulia, mguu mmoja nje kama kawaida yake.

"Kaka Nyuzi, mambo ya Binti tayari?"

"Tayari, Profesa."

"Yote sita?"

"Yote."

"Ndiyo maana nalala usingizi," akasema Profesa, akafunga mlango.

Baada ya hapo, anasema, hakuwa akifikiri. Alikuwa anafanya kazi. Alichukua chupa moja ya zile zake nane, seli za ngozi za kawaida zilizokuwa zimelishwa Jumatano, akamimina maji yake, seramu ikiwa humo. Yalikuwa ya chungwa. Ya Binti yalikuwa ya waridi. Akayachanganya na maji matupu, kidogo kidogo, akiyanyanyua kuelekea dirishani kila mara, mpaka rangi ikalingana na ya namba nne, tano na sita. Jicho lile ambalo watu walikuwa wakilipandia ngazi kulitafuta, ndilo alilotumia. Akajaza vijichupa vitatu. Akaandika kwenye daftari la maabara: sita kwa sita, saa tatu na nusu.

Halafu akatia dawa kwenye chupa zote sita, kama alivyoagizwa.

Wiki tano baadaye majibu yalirudi kutoka chuo kingine chenye mashine ya kuzitambua protini. Vijichupa namba nne, tano na sita vilikuwa na orodha safi ya protini za seli za kidonda. Namba moja, mbili na tatu zilikuwa ndama mtupu.

Katika kazi yao kosa hilo lina maana moja tu: hukuosha. Mtu amefanya haraka, ameosha mara moja akaandika tatu. Ni kosa la uvivu, na karibu na uongo. Vijana wa maabara walilipokea kama wanavyopokea kila kitu. Binti akiingia asubuhi, mmoja anauliza kwa upole, "Daktari wa mifugo, umeamkaje?" Mwingine kutoka nyuma ya friza: "Mooo." Siku za mwanzo alicheka nao.

Profesa hakucheka. Alimwita ofisini, mlango ukiwa wazi, na Nyuzi akiwa kwenye korido na toroli la vyombo.

"Uliosha mara tatu?"

"Niliosha, Profesa."

"Basi ndama ameingiaje? Kwa mguu?"

Binti alitazama kiganja chake.

"Nani alikusanya?"

"Mzee Nyuzi. Lakini Profesa, huyo hawezi kukosea. Kama kuna kosa ni mkono wangu. Labda maji ya kuoshea mara ya tatu sikuyamimina yote."

Nyuzi alilisukuma toroli mpaka mwisho wa korido. Anakumbuka gurudumu moja lilikuwa linalia, na kwamba alitamani lilie zaidi asisikie.

Tangu hapo Binti alianza kuiogopa mikono yake. Aliosha mara tano, mara sita. Alihesabu kwa sauti. Siku moja alimwita Nyuzi: "Mzee, simama hapa, niangalie ninavyoosha. Uniambie nakosea wapi." Akasimama. Akamwangalia akiosha. Mikono ilikuwa safi, mitulivu, bora kuliko yake yeye alipokuwa na umri ule. Akaulizwa, "Umeona kitu?" Akajibu, "Sijaona kitu, binti." Akaenda chooni akakaa humo dakika kumi.

Kamati ya kujadili kama Binti aendelee au asimamishwe masomo ilipangwa Jumanne. Jumamosi, Nyuzi akaja nyumbani kwangu mchana, mke wangu akiwa sokoni, akaniambia yote kwa mara ya kwanza.

Nami naandika hapa nilichomjibu, kwa kuwa nisipokiandika nitakuwa nimedanganya. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia, "Shemeji, umebakiza miaka minne ustaafu. Yule ni kijana, atapata chuo kingine. Ukisema, miaka yote ishirini na mbili inafutika." Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye busara. Aliniangalia kwa muda, si kwa hasira.

"Ulisema hivyohivyo kichwani mwangu wiki hizi zote," akasema. "Nilidhani ni mimi."

Akachukua kofia akaondoka. Nilibaki nimekaa na ule ushauri wangu.

Jumanne alivaa koti jeupe lililopigwa pasi, akapanda ghorofa ya tatu. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka viti viwili vya ziada, nikaona niviweke pembeni mwenyewe. Walikuwa watu watano mezani, Profesa akiwa kati, na Binti upande wa huku, kiganja kimejaa maandishi. Nyuzi hakusubiri kuitwa. Alisimama mlangoni.

"Naomba radhi. Binti aliosha. Mimi ndiye niliyemwaga."

Profesa alisema, "Kaka, ulimwaga nini?"

"Maji ya namba moja, mbili na tatu. Nilifyonza kwa mazoea. Halafu nikatia maji ya chupa nyingine, nikayalinganisha rangi, nikaandika sita. Nne, tano na sita ni za kweli, sikuzigusa. Hizo mzitumie."

Hakuna aliyeandika. Mzee mmoja wa kamati, mgeni, mwenye sauti ya kutokuwa na ugomvi na mtu, akauliza jambo lililomsumbua kama mtaalamu: "Lakini seli zilikuwepo bado. Kwa nini ulizitia dawa? Zingeweza kufungishwa tena."

Nyuzi alivua miwani, akaikunja.

"Ndiyo maana nilizitia dawa," akasema. "Zilikuwa bado zinaweza kusema."

Binti alikuwa anatazama meza. Aliuliza swali moja tu, bila kuinua macho. "Siku ile nilipokuita uniangalie ninavyoosha, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea namba na kuihifadhi.

Kamati ilimwongezea Binti mwaka mmoja. Namba nne, tano na sita zilikubaliwa. Kwa zile tatu, Profesa aliandika barua hospitali kuomba wagonjwa wengine. Wa mwanzo hawakuweza kurudiwa; mmoja kidonda kilikuwa kimefunga chenyewe, mmoja alikuwa amehama, na aliyebaki, yule wa namba mbili, alikuwa amekatwa mguu. Profesa alimpa Nyuzi habari hizo mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila kupandisha sauti, kisha akamwambia kuanzia kesho atakuwa upande wa kuosha vyombo. Hakufukuzwa. Watu wengi walishangaa, na nadhani yeye alishangaa zaidi.

Anaosha hadi leo. Chupa zinamfikia zikiwa zimeshamalizwa kazi, anazisuuza, anazipanga. Binti humsalimia kila asubuhi, "Shikamoo mzee," naye huitikia, na salamu inaishia hapohapo. Vijana nao hawamwiti tena. Si kwamba wamemsusa. Wanamwacha tu, kama unavyoiacha njia mahali palipobomoka.

Mke wangu, ambaye ni dada yake, anamsifu. Juzi tukiwa mezani alimwambia kwamba si kila mwanamume angeweza kusimama mbele ya watu wale na kusema alichosema, na kwamba yeye kama dada ameinua kichwa. Nami nikaitikia, maana nilitaka lisahaulike nililomshauri mimi.

Nyuzi aliendelea kula kidogo, kisha akaweka kijiko chini.

"Dada," akasema, "namba mbili amekatwa mguu. Maji yake nilikuwa nayo mkononi."

Mke wangu alimwongezea chakula ambacho hakukiomba, naye akakila.